Roy na Pam: Carrie Fisher alivyopanda jukwaani kuuchekesha ugonjwa wake

Wadau, leo tuweke pembeni siasa na mpira. Kuna mjadala huwa unarudi kila msanii anapoanza vituko hadharani. Wa kwanza atasema "huyo kashawehuka, mpelekeni Mirembe". Wa pili atajifanya mwerevu, atasema "aah, ndivyo wasanii wakali walivyo bwana, bila uchizi hakuna sanaa". Kusema kweli hii kauli ya pili inanikera kuliko ile ya kwanza. Ya kwanza ni tusi tu, kila mtu anaona ni tusi. Ya pili imevaa nguo za sifa, halafu ndiyo inayowafanya watu watupe dawa zao chooni.

Nimeona njia nzuri ya kulielezea hili ni kupitia onyesho moja la kuchekesha la Marekani, linaitwa Wishful Drinking. Mtu mmoja jukwaani, karibu saa mbili, anachekesha watu kwa habari za familia yake, pombe, dawa za kulevya na ugonjwa wa akili alionao mwenyewe. Mtu huyo ni Carrie Fisher. Kama jina halikuambii kitu, sura unaijua: yule binti mfalme Leia wa Star Wars, mwenye nywele zimeviringishwa huku na huku masikioni kama maandazi mawili.

Onyesho lilianza Novemba 2006 kwenye ukumbi wa Geffen Playhouse, Los Angeles. Likazunguka miji kadhaa, na Oktoba 2009 likafika Broadway, New York, ambako lilidumu hadi Januari 2010. Ukumbi wenyewe wa huko ni Studio 54, ambao miaka ya 70 ulikuwa disko maarufu kwa starehe za kila aina, unga ukiwemo. Sijui nani alipanga ratiba, ila kumpeleka pale mama anayesimulia alivyoachana na unga ni utani tosha hata kabla hajafungua mdomo. Mwaka 2008 akatoa kitabu chenye jina hilo hilo, na Desemba 2010 kituo cha HBO kikaonyesha onyesho hilo kwenye televisheni.

Anaingia anaimba. Anachagua wimbo wa zamani wa furaha, Happy Days Are Here Again, na nyuma yake kwenye skrini vinapita vichwa vya habari vya magazeti: kashfa ya baba, talaka ya mama, yeye mwenyewe kulazwa. Anaimba kwa sauti nzuri kabisa huku aibu za ukoo mzima zikipita mgongoni kwake. Halafu anashika pambo za kung'aa na kuwamwagia watu wa viti vya mbele. Basi, kazi imeanza.

Kabla ya ugonjwa anaanza na familia, na hapa ndipo watu wanapovunjika mbavu. Mama yake ni Debbie Reynolds, nyota wa filamu ya Singin' in the Rain ya 1952. Baba yake ni Eddie Fisher, mwimbaji aliyetamba enzi hizo. Walikuwa kipenzi cha taifa zima. Mwaka 1958 rafiki mkubwa wa Eddie, mtayarishaji wa filamu Mike Todd, akafa kwenye ajali ya ndege na kumwacha mjane, Elizabeth Taylor. Eddie akaenda kumfariji mjane. Alimfariji mpaka akamwoa, mwaka 1959. Baadaye Elizabeth naye akamwacha Eddie akaenda kwa Richard Burton. Yaani filamu ya Kihindi ina nafuu!

Sasa jukwaani Carrie anavuta ubao mkubwa wenye picha za watu wote hao, anashika fimbo kama mwalimu wa biolojia na kuanza kufundisha nani alimwoa nani, nani alimwacha nani, nani akazaa na nani. Sababu ya somo anaitoa: binti yake Billie alitokea kumpenda mjukuu wa yule yule Mike Todd, akaja kumuuliza mama yake kama wao ni ndugu. Mama ikabidi akae chini apige hesabu. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba udugu wa damu hakuna, udugu uliopo ni wa kashfa.

Na Star Wars haiachi. Alikuwa na miaka 19 walipokuwa wanaipiga, filamu ikatoka 1977, na tangu hapo sura yake haikuwa yake tena. Anaorodhesha vitu vilivyotengenezwa kwa umbo lake: chupa za shampuu, vikopo vya pipi ambavyo unakunja shingo ya Leia pipi inatoka, mpaka mdoli wa watu wazima (hilo mtajaza wenyewe). Halafu anaongeza kitu kimoja kwenye hiyo orodha, na anakiongeza kwa majivuno yale yale: picha yake akiwa Leia imo kwenye kitabu cha chuo cha saikolojia ya watu wenye matatizo ya akili. Anakionyesha. Ukumbi unacheka, na kabla hujamaliza kucheka umeshaingizwa kwenye mada yenyewe.

Ugonjwa wenyewe unaitwa baipola, maana yake ncha mbili. Zamani waliuita wazimu wa kupanda na kushuka. Naomba tuelewane hapa, maana siku hizi mtu akinuna asubuhi na kucheka jioni anasema "mimi nina baipola". Hapana. Kila mtu ana siku mbaya. Kwa huyu mgonjwa ncha ya juu, ambayo madaktari wanaiita mania, inadumu wiki nzima au zaidi. Halali na wala hachoki. Anaongea haraka mpaka maneno yanagongana, mawazo yanakimbia, anaona hakuna asichoweza, anatoa hela zote benki, anaanzisha biashara tatu usiku mmoja, anaingia kwenye mapenzi ya hatari. Wengine inafika mpaka wanaona au kusikia vitu ambavyo havipo. Ncha ya chini ni sonona: wiki mbili au zaidi, mtu hana hamu ya kitu, kuoga ni kazi, kuamka ni kazi, na wengi wanafikiria kujiua. Katikati ya ncha hizo anaweza kuwa mzima kabisa kama mimi na wewe, hata kwa miezi au miaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 watu milioni 40 duniani wanaishi nao.

Carrie ncha zake alizipa majina. Ya juu anaitwa Roy, mwanaume wa vurugu na raha, anayekuchukua safari bila kuuliza una nauli. Ya chini anaitwa Pam, ambaye amesimama ufukweni analia, na jina lake la mbele linamaanisha mashapo, yale yanayobaki chini ya chombo maji yakitulia. Mimi naona hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote kwenye onyesho zima. Kwa sababu ukishampa mzuka wako jina la Roy, maana yake wewe siyo Roy. Roy ni mgeni aliyekuja kwako. Unaweza kumcheka, kumsema vibaya akiwa hayupo, na kumwambia daktari "Roy ameanza kupiga hodi, usiku wa tatu huu silali".

Kukubali kwenyewe kulimchukua muda. Daktari alimwambia akiwa na miaka 24, akakataa. Aliona anasingiziwa, yeye tatizo lake ni kuishi sana tu. Wakati huo alikuwa anatumia dawa za kulevya, na baadaye alieleza kwamba hakuzitumia ili apae, alizitumia ili ashuke, apunguze sauti kichwani, akae kama watu wengine. Mwaka 1985 akazidisha dozi, nusura afe, akapelekwa kwenye matibabu ya kuacha. Akaacha. Na hapo ndipo ikamwelea: pombe hakuna, unga hakuna, lakini Roy na Pam wapo pale pale. Hakukuwa na cha kusingizia tena.

(Hii inatokea kwa wengi, wadau. Ndugu wanasema "ni bangi tu hiyo, akiacha atapona". Inaweza kuwa bangi kweli. Inaweza pia kuwa mtu anajitibu kitu ambacho hakijulikani jina. Daktari lazima aangalie vyote viwili. Na kuna la ziada: mtu wa baipola akifika hospitali akiwa kwenye ncha ya chini, akapewa dawa za sonona peke yake, zinaweza kumrusha mpaka juu. Kwa hiyo ukienda, au ukimpeleka mtu, simulia na zile siku alizokuwa halali na anagawa hela. Usiishie kwenye kulia.)

Mwaka 1997 ikawa mbaya zaidi. Alikaa siku 6 bila kulala, akapoteza kabisa mpaka wa kipi ni kweli na kipi siyo, akawa anaona habari za kwenye televisheni zinamhusu yeye. Akalazwa hospitali ya akili. Desemba 2000 akakaa mbele ya Diane Sawyer wa televisheni ya ABC na kusema mwenyewe, kwa jina lake, kwamba ana ugonjwa wa akili. Kumbukeni huyo ni mtoto wa masupastaa, ambako watu wanalipwa mishahara kuficha mambo kama hayo.

Sasa turudi kwenye ile kauli ya bila uchizi hakuna sanaa, maana mtu anaweza kuniambia: si unaona, huyu mama ni mgonjwa na ni mkali wa sanaa, umejijibu mwenyewe.

Angalieni kazi zake zimepatikanaje. Riwaya yake ya kwanza, Postcards from the Edge, ilitoka 1987, yaani baada ya kutoka kwenye matibabu. Ikatengenezwa filamu mwaka 1990, Meryl Streep akicheza kama yeye, na maandishi ya filamu akaandika mwenyewe. Miaka ya 90 Hollywood walikuwa wanamwita kimya kimya kurekebisha maandishi ya filamu za watu wengine, bila jina lake kutokea: Hook, Sister Act na nyinginezo. Kazi hiyo ni ya subira. Unakaa na sentensi moja mpaka ichekeshe. Roy hawezi hiyo kazi. Roy anaweza kukupa mawazo 100 usiku mmoja, 97 takataka, na hana muda wa kukaa kuchambua yale 3. Pam hawezi hata kushika kalamu. Anayeandika ni yule mtu wa katikati, aliyelala vizuri, amekunywa dawa na chai yake.

Hata onyesho lenyewe, ukilitazama unadhani mama anaropoka tu yanayomjia. Wapi! Jumatatu na Jumatano utani uko pale pale, kimya kiko pale pale, anamwagia watu pambo muda ule ule. Huwezi kupanda jukwaani usiku baada ya usiku na maneno yale yale ukiwa kwenye mania.

Sayansi nayo imejaribu kulipima hili. Kuna utafiti mkubwa wa Sweden, wa Taasisi ya Karolinska, uliotoka kwa sehemu mwaka 2011 na 2013, ulioangalia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1 na kulinganisha na kazi zao. Ni kweli walikuta watu wa baipola ni wengi kiasi kwenye kazi za ubunifu. Hilo silifichi. Lakini wakakuta na kingine ambacho watu hawakitaji: hata ndugu zao wa karibu ambao siyo wagonjwa, wazazi, kaka na dada, nao ni wengi kwenye kazi hizo. Umeipata hiyo? Kama kaka mzima naye anachora, basi kuna kitu kwenye ukoo kinachochora, na huo ugonjwa wa dada siyo hicho kitu. Mgonjwa ni msanii aliyepewa na mzigo juu.

Halafu kuna swali la dawa, ambalo ndilo linalomaliza watu. Msanii anaogopa: nikinywa hizi dawa nitakuwa zezeta, mistari itakauka. Daktari mmoja wa Denmark, Mogens Schou, mwaka 1979 aliwauliza wasanii 24 wenye ugonjwa huu waliokuwa wanatumia lithiamu. Lithiamu ni aina ya chumvi, ambayo Mwaustralia John Cade ndiye aliyeonyesha mwaka 1949 kwamba inatuliza mania, na mpaka leo ni moja ya dawa kuu. Majibu: 12 walisema kazi zao ziliongezeka, 6 walisema hakuna tofauti, 6 walisema zilipungua.

Ni watu 24 tu, siyo Biblia. Na hao 6 wa mwisho wasifutwe, wapo kweli. Dawa hizi zina gharama: mikono kutetemeka, kiu, kunenepa, na kwa lithiamu lazima upimwe damu mara kwa mara kuangalia kiwango, figo na tezi ya shingoni. Kama mistari imekauka, rudi kwa daktari umwambie hivyo hivyo, "mistari imekauka", dozi au dawa ibadilishwe. Ndiyo kazi yake. Kuziacha ghafla peke yako ndiko kunakomrudisha Roy, tena akiwa na hasira.

Carrie mwenyewe alilipa gharama kubwa kuliko hiyo. Dawa zilipomshinda alikubali tiba ya umeme, ile ya kupitisha umeme kidogo kwenye ubongo. Filamu zimetutia hofu na hiyo tiba: mgonjwa amefungwa kamba, anarukaruka. Siku hizi unalazwa usingizi kwanza na misuli inalegezwa kwa dawa, na huwa inasaidia watu ambao sonona yao imegoma kwa kila kitu kingine. Ubaya wake ni kumbukumbu, vipande vinaweza kupotea. Kwake vilipotea. Na aliieleza hiyo kama sababu moja ya kuandika na kusimulia: anajitambulisha upya kwa maisha yake. Ukijua hilo, ule ubao wenye picha za ukoo unauona tofauti. Ni utani, ndiyo. Ni pia mama anayekumbushana na watu 1000 nani ni baba yake.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni pale anapopendekeza iwepo siku ya kitaifa ya kujivunia baipola, na maandamano. Walio kwenye mania waende mbele na bendi, wakiongea, wakicheka, wakinunua vitu hovyo na kufanya maamuzi ya kijinga. Walio kwenye sonona wasisumbuliwe kuamka, vitanda vyao vitatolewa nje na kusukumwa barabarani nao wakiwa wamelala ndani. Najua kuna atakayesema siyo vizuri kuchekea wagonjwa. Lakini angalia nani anamcheka nani. Kwetu mtaani chizi anachekwa na watoto wanaomrushia mawe. Pale yeye ndiye ameshika kipaza sauti, ameamua wacheke wapi na wanyamaze wapi. Kuna pahala anasema, kwa maana, kwamba maisha yake yasingekuwa ya kuchekesha yangekuwa ya kweli tu, na hilo hakuwa tayari kulikubali.

Nisiwadanganye kwamba iliisha vizuri. Alifariki tarehe 27 Desemba 2016, akiwa na miaka 60, siku chache baada ya kuzidiwa ndani ya ndege akitoka London. Mama yake Debbie akafariki kesho yake. Uchunguzi uliotangazwa 2017 ulitaja tatizo la kupumua usingizini, na ulikuta pia dawa za kulevya mwilini. Binti yake Billie hakuficha. Alisema mama yake alipambana na uraibu na ugonjwa wa akili maisha yake yote na ndivyo vilivyomuua, na kwamba mama mwenyewe angetaka watu wajue. Kwa hiyo anayesema "si alitibiwa na bado akafa" namjibu: alidozwa nusura afe akiwa na miaka 28, akapata zaidi ya 30 mingine. Ndani ya hiyo 30 ndimo vilimo vitabu, onyesho na mtoto.

Majivu yake yalizikwa ndani ya chombo cha kauri chenye umbo la kidonge kikubwa cha Prozac, kijani na nyeupe. Kilikuwa kimoja ya vitu alivyovipenda nyumbani kwake, familia ikaona humo ndimo atakapopapenda. Na zamani alikuwa amesimulia kwamba George Lucas alimkataza kuvaa sidiria kwenye Star Wars eti angani hakuna nguo za ndani, akaagiza taarifa za kifo chake ziandike alizama kwenye mwanga wa mbalamwezi akanyongwa na sidiria yake. Magazeti mazito mazito yakaandika hivyo kweli.

Wishful Drinking ile ya HBO ni ya saa moja na dakika kadhaa, Kiingereza chake ni cha haraka na kina maneno makali, kwa hiyo vaeni earphone kama mko kafe na kuna wazee nyuma yenu. Kitabu ni chembamba, kinasomeka siku mbili. Wenye ndugu au wao wenyewe wanaoishi na Roy na Pam, tupieni maoni hapo chini, hata bila jina. Matusi nafuta.